Bunduki Nyepesi ya Msituni: Silaha za Mawindo katika Historia ya Masisi na Walikale

Silaha ya mwindaji wa Walikale huchaguliwa na msitu kabla ya kuchaguliwa na mkono wake. Teritwari hiyo ya Kivu Kaskazini ina eneo la kilomita za mraba 23,475, na sehemu kubwa yake ni msitu wa mvua unaoteremka kutoka milima ya mashariki kuelekea bonde la mto Kongo, ukikatwa na mito kama Lowa, Oso na Luhoho. Anayeingia humo kuwinda huvuka vijito kwa magogo, hupanda vilima vya udongo utelezao, huinama chini ya mitambaazi, hulala kambini siku kadhaa, na akijaliwa hurudi na nyama mgongoni. Silaha ndefu hunasa matawini. Silaha nzito humchosha mwenyewe kabla mnyama hajaonekana. Na mnyama akionekana, huwa yu karibu, hatua 20 au 30, tena kwa kitambo kidogo sana. Masisi iliyo jirani ina kilomita za mraba 4,734 tu na sura nyingine kabisa: milima mirefu, baridi, ukungu wa asubuhi, na siku hizi malisho ya ng'ombe mahali palipokuwa na msitu wa mianzi na miti mikubwa. Katika teritwari zote mbili watu walitafuta chombo chepesi, kifupi na cha kuaminika. Walichokipata hasa kiliamuliwa na sheria, biashara na vita.

Kabla ya bunduki, mawindo ya Wanyanga, Wahunde, Wakano, Watembo na Wakumu yalikuwa kazi ya watu wengi. Nyavu ndefu zilizosokotwa kwa nyuzi za mimea ya msituni zilifungwa mti kwa mti, kila mwanamume akileta wavu wake na kuuunga na wa jirani yake. Mbwa waliovishwa kengele za mti shingoni waliingia vichakani kufukuza paa na nguruwe mwitu. Kengele hizo ziliwaambia wenye mikuki mnyama anakimbilia upande gani. Mitego ya kamba, mashimo na magogo ya kuangukia ilifanya kazi usiku watu wakiwa wamelala. Wambuti na Watwa, mabingwa wa msitu, walikuwa na uhusiano wa karibu na mabwami, yaani watawala wa kimila, na ujuzi wao wa nyayo, harufu na sauti uliheshimiwa hata na wale waliowadharau kwa mambo mengine. Chui hakuwa nyama ya yeyote aliyemuua: ngozi na meno yake yalipelekwa kwa mwami, na kukiuka hilo kulikuwa sawa na kudai utawala.

Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyefanya utafiti kati ya Wanyanga katika miaka ya 1950, walipokuwa watu wasiofika 30,000, aliona kwamba uwindaji na utegaji vilichukua nafasi kubwa mno katika fikra zao, kubwa kuliko kiasi cha nyama iliyofika chunguni. Ushahidi mmoja ni utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na manju She-Karisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga. Shujaa wake anamuua Kirimu, zimwi lenye vichwa vingi, aliyekuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Kwa kosa hilo anachukuliwa hadi mbinguni, anaadhibiwa kwa baridi na jua kali, na anarudishwa duniani akiwa amekatazwa kuua mnyama. Jamii iliyoishi kwa mawindo ilimtukuza shujaa aliyewekewa mpaka wa kuua. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba fikra ya kulinda wanyama ililetwa Walikale na wageni.

Mgao wa nyama ulikuwa na utaratibu wake. Mwenye wavu, mwenye mbwa, aliyechoma mkuki wa kwanza, wazee na wenye ardhi, kila mmoja alikuwa na fungu linalojulikana. Wavu haukumpa mtu mmoja uwezo wa kula peke yake, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeweza kuutega na kumfukuza mnyama kwa wakati uleule. Bunduki ndiyo iliyokuja kuuvunja utaratibu huo.

Bunduki za kwanza ziliingia kutoka magharibi na kusini, zikiwa mikononi mwa Waungwana, watu wa misafara ya biashara wenye asili ya pwani na wafuasi wao wa Maniema. Kuanzia miaka ya 1860 na 1870 vituo vya Nyangwe na Kasongo vilikuwa masoko makubwa ya pembe za ndovu na watumwa, na baada ya mfanyabiashara Tippu Tip kujiimarisha katika maporomoko ya Stanley, makundi ya watu wake na ya wafanyabiashara wengine yalipanda mito ya mashariki, Lowa ikiwemo, hadi kwenye misitu ya Wakumu na Wanyanga. Walibeba gumegume, yaani bunduki iwakayo kwa jiwe, na korofindo za kushindiliwa mdomoni zilizowashwa kwa fataki. Zilikuwa ndefu, nyingine zikizidi mita moja na nusu, na polepole kujaza: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi, kisha risasi, kisha mdeki wa kushindilia. Mvua ikinyesha, gumegume iligeuka rungu. Katika msitu ambamo mvua haikosi mwezi wowote wa mwaka, mkuki na wavu viliendelea kuishinda kwa mawindo. Kazi halisi ya bunduki hizo katika miaka ile ilikuwa kuteka watu na kuua ndovu. Hesabu ya uovu huo ilibaki katika kumbukumbu za vijiji kwa muda mrefu kuliko bunduki zenyewe.

Mnamo Juni 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo, kisha akaelekea magharibi akipita katika nchi ya milima na msitu ambayo leo ni Masisi na Walikale, akafuata bonde la Lowa hadi akafika mto Kongo. Wakati huo Dola Huru ya Kongo ilikuwa imekwisha kuwashinda wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katika vita vya 1892 hadi 1894. Miaka minne kabla ya safari hiyo kulikuwa kumetiwa saini mkataba ambao watu wa Walikale hawakuusikia, lakini uliowapangia bunduki zao kwa zaidi ya nusu karne. Mkutano wa Brussels ulihitimishwa tarehe 2 Julai 1890 na mapatano ya kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika ukanda wa Afrika ulio kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu kulikatazwa isipokuwa kwa majeshi na watu wachache wenye kibali. Kilichoachwa wazi kwa biashara, tena chini ya usimamizi wa serikali, kilikuwa bunduki ya jiwe isiyo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida.

Liège, mji wa Ubelgiji uliokuwa na mafundi bunduki kwa karne nyingi, ulinufaika na mpaka huo. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha zao katika karne ya 19, malaki ya bunduki za zamani zilinunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, zikakatwa, zikabadilishwa mitambo na kuuzwa Afrika. Wakati huohuo, wawindaji wa Ulaya walikuwa wakipata chombo kipya kabisa. Mfaransa Casimir Lefaucheux alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1830 jinsi bunduki inavyoweza kuvunjwa katikati na kupakiwa nyuma kwa risasi iliyokamilika. Mwaka 1875 Anson na Deeley wa Birmingham walisajili mtambo wa ndani usio na nyundo za nje. W. W. Greener, wa mji huohuo, alikuwa akieneza mtutu uliobanwa kidogo mdomoni ili marisau, yaani chembe ndogo za risasi, yasitawanyike upesi. Mwaka 1889 kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kutengeneza bunduki ya marisau ya Browning yenye kujipakia yenyewe. Kwa hiyo Mbelgiji aliyekwenda Kongo kama ofisa au mlowezi alibeba bunduki ya kizazi cha tatu, na Mkongo aliyeishi karibu naye aliruhusiwa, akibahatika, ile ya kizazi cha kwanza.

Utawala wa Kibelgiji uliuendeleza mgawanyo huo. Silaha zilipangwa kwa madaraja: bunduki zilizokamilika kwa Wazungu, na bunduki ya fataki, ile ya kushindilia, kwa wenyeji waliopewa kibali. Kalibre 12 ilikuwa heshima ya mwami au mtu aliyeaminiwa sana na serikali. Dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi iliweka vibali, wanyama wanaolindwa na njia zinazokatazwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda wanyama na amani. Kuna ukweli ndani yake, kwani ndovu wa Kongo walikuwa wamechinjwa kwa ajili ya soko la pembe. Lakini mwindaji wa Kinyanga aliyezuiwa kutumia njia za babu zake na kunyimwa bunduki ya kisasa alimwona mlowezi akiwinda kwa starehe katika msitu uleule. Dhuluma hiyo haihitaji kupambwa kwa maneno laini, na ndiyo iliyowafundisha watu wengi kwamba sheria ya mawindo ni mali ya mwenye nguvu.

Masisi ilipita njia yake. Ardhi ya milimani, yenye rutuba ya volkano na isiyo na mbung'o, ilivutia walowezi waliogawiwa mashamba kupitia Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wao wakiwekwa kwanza Gishari. Kahawa, chai, pareto na baadaye ng'ombe vilichukua nafasi ya msitu. Mnyama mkubwa alitoweka kwanza, kisha wa kati, na wavu ukakosa mahali pa kutegwa. Kufikia nyakati za uhuru, mwindaji wa Masisi alikuwa na kanga, kwale, njiwa na sungura pembeni mwa mashamba, na akitaka nyama ya msituni aliteremka magharibi kuelekea Walikale, kwa njia ya Masisi mjini hadi mabonde ya Oso na Lowa. Tangu hapo bunduki ya Masisi na ya Walikale hazikuwa na kazi moja.

Kwa nini kalibre 12 ndiyo iliyoshinda, wakati zipo kalibre nyingine zilizo nyepesi kuliko hiyo? Namba hizo zina hesabu ya zamani. Risasi ya mviringo ya madini ya risasi yenye uzito wa sehemu moja ya 12 ya ratili hupita barabara katika mtutu wa kalibre 12, wenye kipenyo cha milimita 18.5. Kalibre 16 ni ya risasi ya sehemu moja ya 16, milimita 16.8, kalibre 20 ni milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba. Bunduki ya kalibre 20 inaweza kuwa nyepesi kwa nusu kilo au zaidi kuliko ya kalibre 12 ya aina ileile, na kwa mtu anayetembea siku nzima tofauti hiyo si ndogo. Wawindaji wa bata mzinga wa mwituni huko Marekani, ambao nao hukaa kimya saa nyingi wakisubiri ndege mmoja, wamezidi kuigeukia kalibre 20 kwa sababu hiyo, wakitumia mtutu mfupi uliobanwa sana mdomoni ili marisau yafike kichwani na shingoni kwa pamoja.

Mwindaji wa Walikale hakuwa na nafasi ya kufikiri hivyo. Bunduki bila risasi ni mzigo, na risasi iliyofika katika maduka ya Afrika ya Kati ilikuwa karibu kila mara ya kalibre 12. Viwanda vya Ulaya viliipeleka kwa wingi. Baada ya uhuru, kiwanda cha MACC huko Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, nacho kikaitengeneza, na risasi zake zikaenea katika misitu ya nchi kadhaa. Wepesi basi ulitafutwa kwa njia nyingine: mtutu mmoja badala ya miwili. Bunduki ya midomo miwili hukaribia au kupita kilo 3, lakini ya mtutu mmoja, yenye mtambo rahisi wa kuvunjika katikati, huwa chini ya hapo. Ndiyo aina iliyojulikana sana Afrika ya Kati, kwanza ikitoka Liège na Saint-Étienne, kisha Izhevsk, Urusi, kwa jina la Baikal. Ina vipande vichache vya kuharibika, husafishika kwa kitambaa na mafuta kidogo, na kitako chake kikivunjika seremala wa kijiji anaweza kuchonga kingine kwa mti wa msituni.

Wepesi una gharama yake. Bunduki nyepesi inapofyatuliwa humpiga mwenyewe begani kwa nguvu zaidi kuliko nzito yenye risasi ileile, na mtu aliyekwisha kuumizwa bega huanza kukunja uso na kukosa shabaha. Dawa ya kitaalamu ni kitako chenye urefu unaolingana na mkono wa mpigaji na mpira mwishoni mwake. Bunduki za kiwandani zilipimwa kwa miili ya watu wengine, na kitako kirefu mno hukwama kwenye nguo au kwapani wakati wa kuinua kwa haraka. Kukipunguza kwa msumeno ni marekebisho rahisi kuliko yote na pengine yenye faida kuliko yote. Mkanda wa kubebea huacha mikono huru kwa panga na kwa kushika miti kwenye mteremko. Hutengenezwa kwa ngozi, kwa kamba, hata kwa mpira wa ndani wa gurudumu. Kitako kilichopasuka hufungwa kwa waya au kwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hubana kama chuma. Shanga ya shabaha iliyo mbele ya mtutu ikianguka huwekwa nyingine, na katika giza la msitu shanga nyeupe huonekana vizuri kuliko ya shaba iliyofifia.

Marisau ndiyo sehemu ya uchaguzi ambayo watu hukosea mara nyingi. Risasi ya kalibre 12 yenye chembe tisa kubwa, kila moja ikizidi milimita 8, imefanywa kwa ajili ya nguruwe mwitu na paa mkubwa. Ikipigwa kwa kanga inaweza kumpita pande zote bila kumgusa, au ikamgusa na kumharibu asilike. Kwa ndege wa ukubwa huo marisau ya takribani milimita 3, takribani mia mbili ndani ya risasi moja, hufaa zaidi. Hapo ndipo kazi ya mdomo uliobanwa inapoonekana: kubanwa kwa milimita moja tu kunaweza kulifanya fungu la marisau libaki pamoja hadi mita 35 au 40. Lakini kwenye msitu mzito, ambako shabaha ni ya mita 15 au 20, mdomo uliobanwa sana hutoa fungu dogo mno, na ndege hukoswa kwa upana wa kiganja. Mtutu ulio wazi kiasi ndio unaofaa Walikale. Mdomo uliobanwa unafaa kingo za malisho ya Masisi, ambako kanga huruka mbali.

Ndege anayelingana na bata mzinga katika misitu hii ni kororo, kanga mwenye kishungi, anayetembea chini kwa makundi akipekua majani, na ambaye jioni hupanda mtini kulala. Husikika kabla ya kuonekana. Pamoja naye wapo kwale wa msituni, hondohondo na kulukulu, ingawa hao wawili wa mwisho huishi juu ya miti na ni mawindo ya mwenye bunduki, kwa kuwa mtego hauwafikii. Ndivyo bunduki ilivyobadilisha orodha ya nyama: kima na mbega waliokuwa salama juu ya matawi, mbali na nyavu na mbwa, sasa walianguka kwa mlio mmoja.

Yupo ndege mwingine ambaye dunia ya wasomi ilimchelewa mno. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, aliyekuwa katika msafara wa miaka mingi wa Makumbusho ya Historia Asilia ya New York, aliona Avakubi, Ituri, unyoya wa pekee katika kofia ya mwenyeji, akauhifadhi bila kujua ni wa ndege gani. Miaka 23 ilipita. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wakiwa na maelezo kwamba ni tausi wachanga kutoka nje ya Afrika. Manyoya yalikuwa yaleyale. Chapin akamtangaza tausi wa Kongo, Afropavo congensis, tausi pekee wa asili barani Afrika, na misitu inayounganisha Maiko, Walikale na Kahuzi-Biega ni sehemu ya makao yake. Wawindaji wa msituni walikuwa wamemjua siku zote, wakamtega na kuvaa manyoya yake. Leo yumo katika orodha ya Kongo ya wanyama wanaolindwa kikamilifu, na hakuna kibali cha kumuua.

Baada ya uhuru wa 1960 vizuizi vya kikoloni kwa misingi ya rangi vilikwisha, na kalibre 12 ikafika kwa walimu, wafanyabiashara, machifu wa vijiji na watumishi wa makampuni ya madini. Serikali ya Zaire iliweka sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji, iliyochukua nafasi ya dekreti ya 1937, kisha sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Karatasi zilikuwepo. Lakini uchumi uliporomoka, barabara ya kutoka Bukavu hadi Kisangani kupitia Walikale ikaharibika, na risasi ikawa ghali kuliko nyama ndogo iliyoweza kuipata. Mwindaji mwenye risasi mbili hapigi kororo. Humsubiri nguruwe au kundi la kima. Ughali wa risasi uliwaokoa ndege na kuwaangamiza wanyama wakubwa.

Mahali risasi ilipokosekana, mhunzi alirudi kazini. Katika sehemu nyingi za Kongo bunduki za kushindilia ziliendelea kutengenezwa vijijini kwa mabomba na vyuma vya magari, na katika sehemu kadhaa za nchi huitwa pupu. Huwa nyepesi na za bei ndogo, lakini chuma chake hakikukusudiwa kustahimili mlipuko, na nyingi zimewakata wenyewe vidole au kuwapofua. Ganda la risasi iliyotumika nalo hukusanywa na kujazwa tena. Ubunifu huo unastahili heshima kwa akili iliyomo, na hofu kwa madhara yake.

Tarehe 20 Machi 1993 soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa, na mauaji ya kikabila yakaenea hadi Masisi kwa miezi kadhaa. Maelfu ya watu walikufa, wengine wapatao 250,000 wakakimbia makwao. Mapanga, mikuki, pinde na bunduki za mawindo ndivyo vilivyotumika zaidi mwanzoni. Chombo kilichotunzwa kwa ajili ya nguruwe na kima kilielekezwa kwa jirani, na tangu mwaka huo askari yeyote aliyeona mtu na kalibre 12 njiani alimshuku kuwa mpiganaji. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda, miongoni mwao majeshi yaliyoshindwa; mwaka 1996 vita vikawa vya nchi nzima. Kalashnikov ikawa nyingi kuliko bunduki ya marisau. Kila mlio wake hutoa risasi moja badala ya fungu la marisau, hivyo haifai kwa ndege, lakini huua ndovu na sokwe kwa urahisi wa kutisha, na risasi zake hazikununuliwa dukani na aliyezitumia.

Madini yaliongeza njaa ya nyama. Bei ya koltani ilipanda ghafla mwaka 2000, na baada ya mawe ya bati kugunduliwa Bisie, Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya wachimbaji waliishi ndani ya msitu bila mashamba wala mifugo. Aliyewalisha ni mwindaji. Tochi imara ya kichwani ikaleta uwindaji wa usiku, ambapo paa husimama akiutazama mwanga hadi apigwe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba sokwe wa Grauer, wanaoishi mashariki ya Kongo tu, walikuwa wameshuka kutoka 16,900 hadi wapatao 3,800. Hesabu mpya ya mwaka 2021, iliyofika maeneo zaidi, iliwaweka karibu 6,800. Walikale ina sehemu muhimu ya waliobaki, wakiwemo wa eneo la uhifadhi la Nkuba, ambako ardhi ni ya familia za wenyeji na wafuatiliaji wa sokwe hutoka vijiji vya hapohapo.

Kati ya mambo yote yaliyoletwa na bunduki katika misitu hii, kubwa kuliko mengine ni kumwezesha mtu mmoja kufanya kilichohitaji kijiji kizima. Pamoja na wavu ulipotea mgao, na pamoja na mgao zikapungua sauti za wazee walioweza kusema imetosha. Bunduki nyepesi ya mtutu mmoja, yenye marisau madogo, mikononi mwa mwenye kibali cha silaha na kibali cha kuwinda, mchana na katika msimu wake, haijawahi kuumaliza msitu wa Walikale. Kororo na nguruwe mwitu huzaa kwa wingi na wanaweza kuvunwa kwa kiasi. Tausi wa Kongo na sokwe hawawezi. Kwao hao wawili hakuna kalibre ifaayo, na mwindaji akikutana nao ashushe mtutu apite.